Binti wa Miaka 12: Historia ya Ukimya Wetu Juu ya Hedhi



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko kuna habari mbili zilizosukwa pamoja kama nyuzi za mkeka mmoja. Mwanamke ametokwa na damu kwa miaka 12. Binti wa Yairo, mkubwa wa sinagogi, amefikia umri wa miaka 12 na yuko kufani. Somo hili tumelisikia Misani mara nyingi, nasi makatekista tumelifundisha mara nyingi zaidi. Lakini ni mara chache tumejiuliza kwa nini Mwinjili aliwaweka pamoja watu hawa wawili: mama aliyeteswa na damu, na msichana aliyefikia umri ambao wengi wa dada zenu huwa karibu kuona mwezi kwa mara ya kwanza.

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya damu hiyo ya kila mwezi, na juu ya kazi ya kuwafundisha mabinti wa vijijini kuishi siku hizo kwa usafi na kwa heshima. Tutapitia njia ya historia, maana ukimya tulio nao una asili yake, na kisichojulikana asili yake ni vigumu kukiondoa. Kwanza, hata hivyo, tunawadai ungamo.

Tulipomaliza masomo ya ualimu, tulipelekwa kufundisha darasa la sita la msingi katika kijiji cha milimani, Kivu ya Kusini. Katika darasa hilo alikuwamo binti wa miaka kama 13, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote. Siku moja tulimwita ubaoni, asisimame. Tulimwita mara ya pili, akainamisha kichwa. Mara ya tatu tulimkemea mbele ya wenzake kwa ukaidi. Akasimama, na darasa zima likaona alama ya damu kwenye sketi yake ya buluu. Wavulana wakacheka. Sisi, mwalimu mwenye diploma, tuligeuka tukaendelea kuandika ubaoni kana kwamba hatukuona kitu. Yeye alijifunga sweta kiunoni, akatoka, asirudi tena. Tulipokutana na baba yake baada ya majuma mawili, alituambia kwamba binti amekwisha kuwa mkubwa, sasa ana kazi ya shamba.

Katika miaka yote ya mafunzo tulikuwa tumejifunza kuandaa fishi ya somo, kuchora moyo na mapafu, kueleza jinsi mbegu ya maharagwe inavyoota. Hakuna aliyekuwa ametuambia la kufanya siku ile. Lakini kutofundishwa hakutuondolei lawama yote, kwa sababu kicheko kile tungeweza kukinyamazisha hata bila diploma.

Sheria ya Musa na vazi la Yezu

Wakristu wengi, wakiulizwa kwa nini hedhi inaonewa aibu, hutaja Kitabu cha Walawi, sura ya 15. Ni kweli: sheria ile ilimhesabu mwanamke kuwa najisi kwa siku 7, pamoja na kitanda alicholalia na kiti alichokalia. Lakini anayeisoma sura nzima ataona kwamba inaanza na wanaume, na yanayotoka katika miili yao nayo yanahesabiwa unajisi. Tena Kitabu cha Hesabu, sura ya 19, kinasema kwamba aliyegusa maiti alikuwa najisi kwa siku 7. Basi mtoto aliyemzika baba yake alikuwa najisi, na hakuna Mwisraeli aliyesema kwamba kumzika mzazi ni dhambi. Unajisi ule ulihusu kukaribia mahali pa ibada. Haukuwa hukumu juu ya roho ya mtu, wala haukusema kwamba mwili wa mwanamke ni kazi mbaya ya Muumba.

Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa mzigo mzito kwa mwanamke wa Injili. Kwa miaka 12 kila alichokikalia kilihesabiwa najisi. Alipopenya katikati ya umati na kuligusa vazi la Yezu, alikuwa akifanya jambo ambalo watu wangemkaripia. Yezu hakumkaripia, wala hakwenda kujitakasa. Alimtafuta, akamwita binti, akamruhusu aende kwa amani. Kisha akaingia nyumbani kwa Yairo, akaushika mkono wa msichana aliyekufa, akamwinua, akaagiza apewe chakula. Hivyo katika safari moja Bwana aliguswa na mwenye damu, naye akamgusa maiti. Unajisi haukumpata, uzima ndio uliotoka kwake kuwaendea wao.

Maaskofu wawili, Injili moja

Je, Kanisa lilielewa hivyo tangu mwanzo? Historia inaonyesha kwamba wakristu walibishana. Katika karne ya 3, huko Siria, kiliandikwa kitabu cha maagizo ya Kanisa kiitwacho Didascalia. Mwandishi wake anawaambia wanawake waliokuwa wakijitenga na sala na Ekaristi katika siku zao kwamba wasifanye hivyo, kwa kuwa Roho Mtakatifu waliyempokea katika ubatizo hawaachi siku hizo. Lakini katika karne hiyohiyo, Dionisi, askofu wa Aleksandria, aliandika kinyume chake: mwanamke mcha Mungu aliye katika hali hiyo hawezi kuikaribia meza takatifu. Na ushahidi wake ulikuwa nini? Ni mwanamke yuleyule wa Injili, ambaye, alisema, aligusa pindo la vazi tu.

Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alijibu maswali ya Agostino, mmisionari aliyemtuma Uingereza, na majibu hayo yametufikia kwa mkono wa mwanahistoria Beda. Mojawapo ya maswali lilikuwa hili: mwanamke mwenye hedhi aweza kuingia kanisani na kukomunika? Gregori naye akamtaja mwanamke wa Injili, lakini akamsoma kwa namna nyingine. Ikiwa yule mgonjwa alisifiwa kwa kuligusa vazi la Bwana, kwa nini huyu, ambaye hali yake inatokana na maumbile, azuiwe kuingia nyumba ya Bwana? Papa alisema asikatazwe. Akiacha kukomunika kwa heshima yake mwenyewe, asifiwe, akikomunika, asihukumiwe.

Neno hilo la Papa halikumaliza mabishano. Kabla ya kupita miaka 100, katika kiti kilekile cha Canterbury alichokikalia Agostino, sheria za kitubio zilizopewa jina la Askofu Mkuu Teodori ziliwakataza tena wanawake kuingia kanisani siku hizo. Hapo tunajifunza kwamba jibu jema linaweza kutolewa na kuandikwa, kisha likasahauliwa na watu walewale waliolipewa. Leo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 912, inasema kwamba kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anapaswa kukubaliwa kukomunika, na hedhi haimo kabisa katika makatazo. Kwa hiyo msichana wa kwaya anayeketi nyuma kwa hofu, au anayeacha kukomunika kwa kuwa ameambiwa atalichafua altare, amewekewa mzigo ambao Kanisa halikumpa.

Nyumba ya elima na wimbo wa nachimbusa

Wengine husema ukimya huu ni urithi wa wababu. Hapo pia tunapaswa kutazama vizuri. Ni kweli kwamba katika vijiji vingi mwanamke mwenye hedhi alikatazwa kupika, kukama maziwa au kupita shambani. Lakini kukatazwa huko kulikuwa na mwenzake, nako ni mafundisho. Palikuwapo mtu wa kumwambia msichana, naye mara nyingi hakuwa mama mzazi, bali shangazi au nyanya.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti walikuwa na sherehe iitwayo elima. Mtaalamu Colin Turnbull, aliyeishi kati yao miaka ya 1950 na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1961, anaeleza kwamba msichana alipoona damu kwa mara ya kwanza, kambi nzima ilifurahi. Aliingia katika nyumba ya elima pamoja na rafiki zake, na mwanamke mkubwa aliyeheshimiwa akawafundisha nyimbo na mambo ya umama. Jirani zao wa vijijini waliiogopa damu hiyo. Wambuti waliihesabu kuwa baraka. Msitu ulikuwa mmoja, na watu waliuziana nyama na ndizi, lakini juu ya jambo hili hawakukubaliana.

Kwa Wabemba, ambao wako Zambia na pia katika Katanga yetu, palikuwa na chisungu. Audrey Richards aliiona mwaka 1931 na kuichapisha habari yake mwaka 1956. Mwanamke mkufunzi, nachimbusa, aliwafundisha wasichana kwa siku nyingi kwa nyimbo, michezo na sanamu za udongo ziitwazo mbusa. Wamisionari wa kwanza walizitazama desturi hizo kwa mashaka, na yalikuwamo mambo ambayo mkristu asingeweza kuyapokea. Lakini baadaye ni padri mmoja wa Wamisionari wa Afrika, Jean-Jacques Corbeil, aliyezikusanya mbusa kwa uangalifu na kuzihifadhi zisipotee. Alitambua kwamba palikuwa na shule pale, shule yenye mwalimu, vifaa na wakati wake.

Shule mpya na pengo lililobaki

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala. Masista Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1869, wakawafuata katika miaka ya 1890. Tunawashukuru kutoka moyoni. Bila wao mama zetu wengi wasingejua kusoma. Kwa miaka mingi, hata hivyo, elimu ya msichana chini ya ukoloni ililenga nyumba: kushona, kupika, kumwogesha mtoto mchanga, katekisimu. Ni katika matengenezo ya mwaka 1948 ndipo shule za sekondari za wasichana zilipoanza kupata nafasi yake, na ilipofika mwaka 1964 ndipo Sophie Kanza alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu.

Fikirini sasa hali ya msichana wa wakati huo aliyetolewa kijijini akapelekwa shule ya bweni. Alikuwa mbali na shangazi yake. Nyumba ya mafunzo ya kienyeji ilikuwa imefungwa, au amekatazwa kuiingia. Hatusemi kwamba hakuna sista aliyempa kitambaa na neno la faraja. Wako waliofanya hivyo, na wanafunzi wao wa zamani wanawakumbuka. Lakini katika ratiba ya masomo jambo hilo halikuwa na saa yake. Shangazi alidhani shule itafundisha, na shule ikadhani nyumbani wamekwisha kufundisha. Katikati yao akabaki msichana peke yake.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wakatoliki hasa. Katika miaka ya 1920 daktari Kyusaku Ogino wa Japani, na baada yake Hermann Knaus wa Austria, walionyesha wakati ambapo yai hutoka katika mzunguko wa mwanamke. Tangu mwaka 1953 John Billings, na baadaye mkewe Evelyn, wakatoliki wa Australia, waliendeleza njia ya kuutambua wakati huo kwa dalili za mwili. Baada ya barua ya Papa Paulo VI, Humanae vitae, ya mwaka 1968, njia hizo zilienea katika majimbo mengi, hata kwetu. Tumewaona wanandoa wakifundishwa parokiani kwa chati na rangi. Basi Kanisa lilikuwa na maarifa ya mzunguko, lilikuwa na walimu, lilikuwa na maneno safi ya kusemea. Lakini tulimngoja binti aolewe ndipo tumweleze kilichoanza mwilini mwake akiwa bado shuleni.

Kwa nini aibu ni adui wa usafi

Huenda mtu akasema: mambo ya aibu ni ya roho, usafi ni wa sabuni na maji, wapeni wasichana vifaa, yatosha. Tulifikiri hivyo pia. Vifaa vinahitajika kweli. Zile taulo za kike ambazo masokoni kwetu tunaziita Kotex zimechukua jina la bidhaa iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1920, kutokana na malighafi iliyotumika kufunga vidonda vya askari katika vita vya kwanza vya dunia. Wauguzi ndio waliogundua kwamba yafaa pia kwa hedhi. Lakini baada ya miaka zaidi ya 100, binti wa kijiji cha mlimani bado hana fedha ya kuzinunua kila mwezi. Yeye hutumia vipande vya kikwembe kilichochakaa.

Kitambaa si kibaya. Kikiwa cha pamba, kikabadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, kikalowekwa katika maji baridi, kikafuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, kinamtunza vizuri. Shida iko katika neno hilo la mwisho. Jua liko nje, na nje wako kaka, baba na wapita njia. Msichana mwenye aibu hukianika kitambaa chake chini ya godoro, kisha hukivaa tena kikiwa na unyevu. Hapo huanza muwasho, harufu na ugonjwa. Mmempa sabuni, lakini aibu imemnyima jua. Ndiyo sababu tunasema kwamba anayefundisha usafi wa hedhi bila kugusa ukimya wa kijiji amefundisha nusu ya somo.

Yatupasayo kufundisha

Mama, shangazi, sista na mwalimu wa kike ndio wa kwanza katika kazi hii. Waanze mapema, binti akiwa na miaka 10 au 11, kabla damu haijamshtua. Wamweleze kwamba damu hii si jeraha, si laana, wala si dalili kwamba ametenda kosa. Wamfundishe kuhesabu tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, na kuweka alama katika daftari. Kwa wanawake wengi hesabu hiyo huwa kati ya siku 21 na 35, na damu hukaa siku 2 hadi 7. Katika miaka ya kwanza mwezi waweza kurukaruka, na hilo si ajabu. Ajioshe nje kwa maji safi kila siku, asiingize sabuni, majani wala dawa yoyote ndani. Damu ikipita siku 7, au ikilowanisha kitambaa kila saa, au maumivu yakimlaza kitandani, apelekwe kwenye kituo cha afya.

Sisi wanaume tuna sehemu yetu. Choo cha wasichana kisicho na mlango ni kazi yetu. Ndoo ya maji karibu na choo hicho ni kazi yetu. Mwalimu wa kiume amruhusu binti kutoka bila kumhoji mbele ya darasa. Wavulana wafundishwe ukweli uleule kwa adabu, na anayecheka aonywe siku hiyohiyo, kwa kuwa kicheko kimoja chaweza kumfukuza mtu shuleni kwa maisha yake yote. Tangu mwaka 2014, tarehe 28 Mei ni siku ya dunia ya usafi wa hedhi, ikichukua siku 28 za mzunguko na siku 5 za damu. Inaangukia Mei, mwezi tunaomheshimu Mama Maria, mwanamke ambaye kwa mwili wake Neno alikuja kwetu. Kikundi cha parokia chaweza kuishika siku hiyo kwa kushona vitambaa pamoja na kutengeneza mlango mmoja.

Binti wa darasa letu la sita sasa ni mama mwenye watoto. Tulikutana naye sokoni miaka michache iliyopita, akauza mihogo na kutupa chenji bila kukosea hata faranga moja. Tulimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, mdogo wangu wa mwisho sasa yuko darasa la tano. Mfundisheni yeye.» Andiko hili ni sehemu ya jibu letu kwake.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayemwambia msichana juu ya hedhi kabla haijaanza? Kama hayupo, ni nani kati ya mama zetu tunayeweza kumwomba?

2. Je, kuna makatazo ya kanisani au nyumbani tunayoyashika tukidhani yanatoka kwa Mungu? Tuyalinganishe na Marko 5, 21-43.

3. Twendeni tukatazame vyoo vya shule iliyo karibu na parokia. Mlango upo? Maji yapo? Kama havipo, kikundi chetu kitafanya nini kabla ya mwezi kwisha?

Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, binti wa nchi yetu na mwalimu wa watoto, awaombee mabinti wote wa Kongo.